Chensoo kuongezewa nguvu: maswali ninayoulizwa kila siku mezani Gerezani

Nina meza yangu ya kazi Gerezani, upande wa mafundi wa chuma, na kila siku ya Mungu lazima aje mtu na chensoo kwenye kiroba aniambie "fundi niongezee nguvu". Wengine hawaji, wanatuma voisi noti za dakika nne usiku wa manane. Maswali ni yaleyale kwaiyo nimeyaandika, soma kwanza alafu ndo uje, na ukija njoo na mashine nzima sio silinda peke yake kwenye mfuko, silinda peke yake hainiambii kitu.

Fundi, chensoo yangu imeisha nguvu, nifanyie poti (kuchonga matundu ya silinda)?

Subiri kwanza. Washa, kata gogo, alafu angalia kinachodondoka chini. Kama ni vipande vipande vya mbao kama chipsi ndogo, sawa tuongee habari za injini. Kama ni unga kama wa sembe, cheni yako butu na hakuna poti duniani itakayokusaidia, utakuwa unalipa hela ili kitu butu kizunguke haraka zaidi.

Cheni za huku pwani zinakufa mapema. Minazi ina nyuzi na mchanga kwenye gome, miembe ya uwanjani watu wamepigilia misumari ya kamba za nguo miaka na miaka, alafu kuna wale wanaokata gogo likiwa limelala chini kwenye mchanga wa Mbagala, pigo moja tu baa (ule upanga unaobeba cheni) ikigusa chini meno yote yamekwisha. Noa kwa tupa ya mviringo, angalia na kile kidole kinachotangulia jino, kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa kama milimita 0.65, watu wengi wananoa jino mwezi mzima hawagusi kidole, mwisho jino linafika chini ya kidole na cheni inateleza tu juu ya mti kama inaupapasa. Na kama unapasua mbao kwa urefu wa gogo, noa kwa pembe ya digrii 10 hivi, ile 30 ya kiwandani ni ya kukata kwa kukatisha.

Baada ya cheni angalia filta ya hewa, filta ya petroli iliyoko ndani ya tenki, na wavu wa cheche kwenye sailensa. Huo wavu ukiziba na masizi mashine inakuwa kama mtu anayekimbia kafungwa kitambaa mdomoni. Unautoa, unauchoma kwa moto wa gesi, unapiga brashi, unarudisha. Kuna siku nimemaliza kazi ya "kuongeza nguvu" kwa kusafisha huo wavu tu na mteja akakataa kulipa eti sijafanya kitu!

Nitajuaje kama injini yenyewe ndo imechoka?

Shika mkono wa stata, acha chensoo ining'inie kwa kamba yake. Nzima inashuka kwa kusitasita, inashuka kidogo, inagoma, inashuka tena. Iliyochoka inateremka mpaka chini kama ndoo kisimani. Hicho ni kipimo cha kijiweni. Kipimo chenyewe ni geji ya kompresheni, unaifunga kwenye tundu la plagi unavuta mpaka mshale uache kupanda, mashine nzima za saizi hizi zinasoma kama psi 150 au zaidi kidogo. Ikisoma 110 usiniambie habari ya poti, tuongee habari ya ringi na pistoni.

Alafu fungua sailensa, mwanga wa simu, chungulia pistoni kupitia tundu la eksozi. Wiki iliyopita kuna kijana kaniletea moja kutoka Chanika. Upande wa eksozi pistoni ilikuwa na michirizi wima, ya kijivu inayong'aa, ukipitisha ukucha unakwama, na ringi ya juu imelala ndani ya mfereji wake haichezi kabisa, alumini imeyeyuka kidogo ikaifunika. Hapo inasema yenyewe: petroli ilikuwa ndogo kuliko hewa, ikapata moto, ikanoki. Michirizi ikiwa upande wa kuingilia ni vumbi limepita kwenye filta. Ikiwa pande zote kuzunguka, hapo mtu alisahau oili, na huyo mtu hatakubali hata umpeleke polisi.

Silinda imekwaruzika, si nikachonge tu kwa fundi wa lezi kama ya pikipiki?

Hapana, hapana, hapana. Bloku ya bodaboda ina bomba la chuma ndani ndo maana unaichonga unaweka pistoni kubwa. Silinda ya chensoo ni alumini iliyopakwa ngozi nyembamba sana ngumu, ama kromu ama Nikasil, ukiipitisha kwenye lezi umeiondoa hiyo ngozi na umebaki na alumini tupu, pistoni ya alumini juu ya silinda ya alumini, haimalizi tenki moja.

Habari njema ni kwamba mara nyingi unachokiona sio mkwaruzo wa silinda, ni alumini ya pistoni iliyoganda juu ya ile ngozi. Inatoka. Unachukua asidi ya haidrokloriki, ile wanayosafishia vigae, unapaka kwa kijiti cha pamba kwenye mistari ya alumini tu, inatoa povu, ukiona povu ujue inakula alumini, ikiacha unafuta. Usiiachie iguse kwenye midomo ya matundu maana pale alumini ni ya silinda yenyewe. Kaa nje kwenye upepo, glavu na miwani, alafu suuza na maji ya magadi. Malizia na msasa laini kwa mkono ukizungusha kama unaandika herufi X. Silinda za zamani za kromu usiweke hiyo asidi kabisa inakula kromu yenyewe, hizo ni msasa na uvumilivu. Ukipitisha ukucha bado unakwama na unaona rangi tofauti chini yake, ngozi imetoka, nunua nyingine.

Kit ya Kichina ya pistoni na silinda inafaa?

Inafaa kama unajua unanunua nini. Kariakoo utapata silinda kopi ya Stihl MS 660 kwa bei ambayo orijino hupati hata pistoni yake. Tatizo langu na kopi sio chuma, ni umaliziaji. Midomo ya matundu wanaiacha na makali kama wembe, ringi ikipita pale inakwanguliwa. Kwaiyo hata kama hutaki nguvu ya ziada, silinda kopi lazima uue kona za kila tundu kwa msasa mdogo uliozungushiwa kwenye kijiti kabla hujafunga. Na zile saklipu zinazoshika pini ya pistoni, tupa. Nimesema tupa! Tafuta za orijino, ni senti kidogo, saklipu moja ikichomoka inachora silinda kuanzia juu mpaka chini na kit yote umeipoteza.

Mbona kila ukifungua mashine unanichaji "kupima upepo"? Ni nini hicho?

Ni kitu kinachokuokoa usirudi. Injini ya chensoo haina oili chini kama gari, mchanganyiko wa petroli, oili na hewa unapita kwenye krenkikesi (chumba cha krenki) kwanza ndo unapanda juu, kwaiyo kila mahali panapovuja pananyonya hewa ambayo kabureta haijui habari zake. Hewa ya wizi inafanya mchanganyiko uwe mkavu, yaani hewa nyingi petroli kidogo, unakuwa moto, pistoni inaliwa. Watu wananunua pistoni tatu mfululizo kumbe oili siili (mpira unaoziba pembeni ya krenki) ya upande wa klachi imekufa.

Naziba eksozi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli nyuma ya sailensa, naziba upande wa kabureta, nasukuma upepo kiasi cha nusu ba, kama psi 7 tu, alafu maji ya sabuni kote. Geji isishuke. Alafu nageuza, nanyonya badala ya kusukuma, maana kuna siili zinaziba ukisukuma na zinafunguka ukinyonya. Ikishindwa hapo hata uniite nani sifungi.

Haya sasa, nguvu yenyewe inatoka wapi?

Injini ni pampu ya hewa. Nguvu zaidi maana yake hewa na petroli zaidi iingie, ibanwe zaidi, na moshi utoke kirahisi zaidi. Basi. Kila kitu ninachofanya ni moja ya hizo.

Rahisi kuliko zote ni sailensa. Nyingi zinatoka kiwandani zimebanwa kwa sababu ya kelele na sheria za moshi za Ulaya na Marekani, unakuta tundu la eksozi kwenye silinda ni kubwa alafu mlango wa kutokea kwenye sailensa unaingia kidole kimoja. Nafungua mlango wa pili au napanua uliopo mpaka ufike kama asilimia 75 au 80 ya ukubwa wa tundu la silinda. Usizidishe ukaiacha wazi kama bomba la maji, hupati kitu zaidi ya ugomvi na majirani, na chensoo hata haijaguswa inapiga zaidi ya desibeli 100 sikioni kwako. Moshi uelekezwe mbele mbali na mkono na mbali na tenki. Na wavu wa cheche unarudi mahali pake, mtu anayekata Kisarawe mwezi wa tisa majani yamekauka anataka kutembea na kiberiti?

Ila ukitoka hapo LAZIMA ufungue kabureta. Ukifungua sailensa bila kuongeza petroli umetengeneza mashine nzuri sana ya kuua pistoni, itakata kama kisu siku mbili.

Nimesikia ukitoa gasketi ya chini ya silinda inapata nguvu, kweli?

Kweli, na hapo ndo nilipolia mimi mwenyewe. Nilikuwa bado mgeni kwenye hii kazi, chensoo ya mzee mmoja wa Mkuranga, nimetoa gasketi bila kupima kitu, nikafunga, nikavuta kamba polepole ikazunguka vizuri nikajisifu. Kuwasha, tak tak tak tak, pistoni inagonga paa. Ikizunguka kwa kasi konrodi na beringi vinajinyoosha kidogo, na mimi nilikuwa nimebakiza mwanya wa karatasi. Nilimlipa mzee wa watu pistoni na nauli yake. Shikamoo yangu kwake mpaka leo ni ya adabu sana.

Kwaiyo pima. Chukua waya wa lehemu, ule wa kuchomelea redio, milimita 2 hivi, ingiza kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta wa silinda upande ilipo pini ya pistoni, kushoto na kulia, sio mbele na nyuma maana huko pistoni inachezacheza inakudanganya. Zungusha kwa mkono ipite juu kabisa, toa waya, pima unene wa ncha iliyolaliwa kwa venia (kipimo cha chuma cha milimita). Mashine nyingi mpya zinasoma milimita 0.8 mpaka 1.2. Unataka ibaki 0.5 na kidogo. Ikisoma 1.1 na gasketi ina unene wa 0.5, unatoa gasketi unabaki na 0.6, safi, unafunga kwa gundi ya gasketi inayovumilia petroli, silikoni ya kawaida inaharibika. Ikisoma 0.8 gasketi inabaki, au inakwenda kwa fundi wa lezi apunguze mahali pengine na hapo ni kazi ya kichwa.

Kumbuka silinda ikishuka matundu yote yanashuka nayo. Eksozi inachelewa kufunguka, tundu la kuingilia linakaa wazi muda mrefu zaidi. Ndo maana mtu akitoa gasketi tu bila kugusa kingine anapata nguvu ya chini lakini mashine inakuwa nzito kupanda mizunguko.

Poti zenyewe unafanyaje? Naweza kufanya mwenyewe nyumbani?

Unaweza, lakini nunua kwanza silinda iliyokufa ujifunzie. Alumini ikitoka hairudi.

Mi naanza na sahani ya digrii. Unachapisha duara la digrii 360 unaligandisha kwenye sidii ya zamani, unaifunga kwenye krenki, waya uliokunjwa unakuwa mshale. Alafu unatafuta kila tundu linafunguka digrii ngapi kutoka pistoni ikiwa juu kabisa. Kwa mashine za cc 70 kama Husqvarna 372XP, ambayo silinda yake ni milimita 50 na pistoni inatembea milimita 36, nikikuta eksozi inafunguka kwenye 100 mpaka 105 sinyanyui sana. Pale kwenye hizo digrii milimita 1 ni kama digrii 3 na nusu, sasa fikiria mtu anashika grainda anasema "nitoe kidogo tu", kidogo yake ni milimita 2, ameshahamisha digrii 7, mashine inapiga kelele kama nyuki na ukiigusisha mti inazima. Nguvu imehamia juu sana, kwenye mizunguko ambayo ukiwa unapasua gogo hufiki.

Matundu ya pembeni yanayopandisha mchanganyiko nayaacha yafunguke kama digrii 18 mpaka 20 baada ya eksozi, ili moshi uwe umeshapata njia kabla mchanganyiko mpya haujaingia. Ukiyanyanyua yakakaribiana sana na eksozi, moshi unarudi chini kwenye krenkikesi na unachafua kila kitu.

Kwa wapasua mbao kazi yangu kubwa ni upana, sio urefu. Upana unaongeza hewa bila kuhamisha digrii. Eksozi naipanua mpaka kama asilimia 60 ya kipenyo cha silinda, ya milimita 50 ni kama 30, na umbo liwe la yai kwa juu ili ringi ipandishwe taratibu isidumbukie. Kabla hujapanua chochote angalia vipini vidogo vya ringi kwenye pistoni vimekaa wapi, ncha za ringi zikipita juu ya tundu zitachungulia nje, zitanasa, na utasikia sauti moja tu ya mwisho. Na angalia sketi ya pistoni, ile sehemu yake ya chini: ikiwa juu kabisa lazima bado inaziba chini ya tundu la eksozi, na pembeni iwe inafunika na ziada ya milimita 1 au zaidi kila upande. Ichore pistoni kwa maka peni kupitia tundu, zungusha, toa, tazama. Chora tena.

Upande wa eksozi nang'arisha, masizi yasishike. Upande wa kuingilia naacha na ukwaruzo wa msasa wa 80 sing'arishi. Mwisho unaua kona zote, unaosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, maana unga mmoja wa jiwe la grainda ukibaki umefanya kazi bure.

Mashine mpya zile za mfumo wa kupunguza moshi, zenye madirisha kwenye pistoni kama Stihl MS 661, ni habari nyingine, kuna njia ya hewa tupu na njia ya mchanganyiko na ukizichanganya umeharibu. Hizo naishia sailensa.

Na kusogeza taiming ya moto?

Inasaidia, hasa kwa kuamka haraka ukibonyeza. Kile kijino cha kwenye sumaku kinachoshika krenki unakipiga tupa nusu milimita hivi, sumaku inasogea kuelekea upande inakozungukia, unapata digrii 4 au 5 za kuwahi. Usizidishe, itakurudishia kamba mkononi wakati wa kuvuta na vidole vitakuambia.

Kabureta naitegaje baada ya hapo? Na kwa nini mashine iliyotoka Mafinga ikifika Dar inakufa?

Hili swali la Mafinga nalipenda maana limeua mashine nyingi na watu wanasingizia uchawi.

Mafinga iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kule nyepesi, zaidi ya asilimia 15 kuliko ya hapa. Kijana anakata paini kule Sao Hill, fundi wa kule kamtegea kabureta vizuri kabisa kwa hewa ya kule, petroli kidogo kwa hewa kidogo. Anashuka na mzigo wa mbao mpaka Buguruni, anapata kibarua cha kukata mwembe Tabata, anawasha mashine ileile bila kugusa skrubu. Huku usawa wa bahari hewa nzito inaingia kwa wingi, petroli ni ileile ya kule, mchanganyiko umekuwa mkavu. Na mashine iliyokavu kidogo inakata vizuri kuliko siku zote! Anafurahi, anasema Dar kuna petroli nzuri. Saa 2 baadae imenoki. Ukitoka juu kuja chini fungua skrubu ya H (ya petroli ya kasi kubwa), kinyume cha saa, robo hivi, alafu ndo utege upya. Ukienda juu unafunga, ukisahau haitanoki, itatoa moshi tu na kukosa nguvu, uzembe wa upande huo ni wa bei rahisi.

Kutega: pasha moto kwanza kwa kukata. Skrubu ya L (ya kasi ndogo) mpaka ingurume vizuri bila kubonyezwa na ipokee ukibonyeza. H, bonyeza mpaka mwisho bila mzigo, fungua mpaka usikie inagugumia, brrrr brrrr, kama inakohoa kwa raha. Ingiza kwenye mti, kugugumia kuishe na sauti isafike. Toa kwenye mti, irudi kugugumia. Hapo ndo hapo. Ikiwa inalia nyembamba iiiiii bila mzigo, zima, usiijaribu kwa dakika hata moja. Masikio yanadanganya kama koili ina limita ya kuzuia mizunguko isizidi, maana limita ikikata moto inatoa sauti kama ya kugugumia kumbe uko mkavu, hizo pima kwa takometa (kipima mizunguko) na usipite mizunguko iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Zenye kabureta ya kompyuta, M-Tronic au AutoTune, hazina skrubu za kutega, zenyewe zinajirekebisha kwa kiasi, sailensa inatosha.

Oili gani na kiasi gani?

Oili ya 2T iliyoandikwa JASO FD. Mililita 20 kwa lita kama mashine haijaguswa na oili ni ya uhakika, niliyoifanyia poti weka 25. Oili ya bodaboda sio hiyo. Na kuna watu wa Kigamboni na Feri wanachukua oili ya injini za boti, TC-W3, kwa sababu ndo iko karibu, hiyo imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, chensoo inapozwa na upepo ina moto mwingine kabisa. Petroli ya kwenye chupa ya barabarani sikuambii kitu, ikichanganywa na mafuta ya taa inagonga ndani kama kokoto. Oili chafu ya gari kwa ajili ya cheni naijua, nyote mnatumia, basi walau ichuje na kitambaa.

Nikitoa filta ya hewa si itapumua zaidi?

Itapumua vumbi la mninga.

Nina Stihl 070, iongeze nguvu.

Baba, 070 ina cc 106 karibu, ni trekta, ilitengenezwa izunguke taratibu na kuvuta cheni nene ya saizi .404 ndani ya gogo la mkongo siku nzima. Naipima upepo, naweka siili, ringi, naisafisha kabureta, naipa cheni iliyonolewa kwa kupasua. Grainda siisogezi. Ukitaka kasi nunua mashine nyingine.

Fundi, mimi ni mfanyabiashara wa mbao, chensoo zangu 3 ziko na vijana shambani, kila mwezi wananiambia nguvu imeisha wanataka pistoni.

Mama, samahani nikisema wazi. Pistoni ya mashine inayotunzwa haiishi kwa mwezi. Waambie wakurudishie pistoni ya zamani kila wanapobadili, usikubali hadithi bila chuma. Zikifika tatu ziweke mezani uzilinganishe: zikiwa na michirizi sehemu moja, kuna siili inavuja au kabureta imefungwa, tatizo moja halijatibiwa. Zikiwa zina rangi ya kahawia nzuri bila mkwaruzo, aisee mama, hizo pistoni zilikuwa nzima na hela imekwenda kwingine. Na wanunulie kipimo cha oili chenye alama za mililita, saivi wanapima kwa kifuniko cha chupa ya maji.

Itadumu muda gani ikishafanyiwa?

Ukiipa tenki 3 au 4 za kwanza bila kuifinya, H imefunguliwa kidogo zaidi, ringi zikikaa, sioni kwa nini iishi chini ya isiyoguswa. Ninayoiona inakufa mapema ni ile mwenye nayo akienda kwa fundi mwingine "kuifungafunga kidogo isile mafuta". Inakula kwa sababu inafanya kazi zaidi! Na kompresheni ikipanda 180 na kuendelea, vuta kamba kwa kubonyeza kile kibatani cha kupunguza presha kama kipo, bega lako halina spea. Breki ya cheni iwe inashika, mashine iliyoamka ikikurudia usoni inakuja haraka kuliko uliyoizoea.

Vibali je?

Mimi ni fundi wa injini. Miti ya msituni ina wenyewe, nenda TFS (wakala wa misitu wa serikali) upate kibali cha kuvuna kabla hujawasha, na mti wa mjini anzia serikali ya mtaa. Usiniletee mashine iliyokamatwa nikutolee.

Niko mkoani, naweza kukutumia kwa basi?

Ndio, watu wanatuma sana. Mwaga petroli yote na oili ya cheni, acha tenki wazi usiku mmoja pakauke, konda akisikia harufu ya petroli anashusha mzigo na ana haki. Toa baa na cheni, zifunge pembeni kwenye gunia. Andika kwenye karatasi: unakata miti gani, uko mwinuko gani, oili unachanganyaje, ilianza lini kusumbua. Na tafadhali usiioshe kabla ya kuituma, najua unataka ije imependeza, ila ule uchafu wenye mafuta ulioganda chini ya klachi au pembeni ya silinda ndo unanionyesha inapovujia.